Moyo wa mzee ukisimama

Msimu uliopita wa mbaazi nilikuwa Sigino, mjini Babati, uani kwa jamaa zangu. Mzee wa jirani, mtu wa miaka 79 aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, aliinuka kuaga, akapepesuka, akaanguka. Viungo vilimrukaruka kidogo. Mmoja wetu akasema ni kifafa, mwingine akaleta maji ya kummwagia, akina mama wakampepea kwa kanga. Alikuwa akikoroma mara moja moja, nasi tukajipa moyo kwamba anapumua. Bajaji ilipopatikana tulimkalisha katikati ya vijana wawili, tukaondoka naye. Hakufika hai.

Baadaye nilimwendea daktari mmoja anifafanulie. Alisema yote tuliyoyaona yalikuwa dalili za moyo kusimama. Kule kurukaruka hutokana na ubongo kukosa damu ghafla, na mkoromo ule si pumzi. Mtu akianguka, asiitike anapoitwa na kutikiswa, wala asipumue kama kawaida, moyo wake uhesabiwe umesimama. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Maji na kanga havifiki huko.

Kinachofika ni mikono. Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani, walitangaza kwamba kukandamiza kifua kwa nje kunaweza kuisukuma damu bila kupasua mtu. Mgonjwa hulazwa chali mahali pagumu. Unaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Mpokezane kila dakika mbili, maana kazi hii inachosha kuliko kutwanga. Ndani ya bajaji haiwezekani. Usafiri utafutwe, naam, lakini wakati unatafutwa mikono iwe kifuani.

Sasa, je, hata kwa mzee wa miaka 79? Watu huniambia mbavu zitavunjika. Ni kweli, huvunjika, hasa za wazee, lakini mbavu huunga. Lisilo kweli ni lile la kwenye televisheni. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la New England lilichapisha uchunguzi wa vipindi vya televisheni vya Marekani, ikaonekana robo tatu ya waliokandamizwa kifua waliamka. Katika maisha halisi, huko huko Marekani, pamoja na magari yao ya wagonjwa na mashine za kushtua moyo, kati ya watu kumi wanaotibiwa kwa moyo kusimama nje ya hospitali, anayerudi nyumbani hai ni kama mmoja tu. Umri ukisogea, nafasi hupungua. Kwetu, ambako gari la wagonjwa hupatikana kwa bahati, matumaini ni madogo zaidi. Siwadanganyi.

Hata hivyo, umri peke yake si hukumu. Mzee aliyeshinda shambani akaanguka ghafla mbele ya watu, anayo nafasi yake. Aliyepaliwa na pande la nyama, huenda likatoka kwa kukandamizwa huko huko. Mwingine ni yule aliyelala miezi mingi kwa saratani, na safari yake imefika. Huyo kumvunja mbavu ni kumwongezea mateso. Shida ni kwamba hilo haliamuliwi mtu akiwa tayari yuko chini. Linataka maongezi mapema, nasi tunaona kumuuliza mzazi habari za kifo chake ni uchuro.

Mimi nilimuuliza mama yangu Jumapili iliyopita. Ana miaka 81. Alicheka kwanza. Kisha akasema akianguka njiani akitoka kwaya, tumkandamize mpaka tuchoke; akiwa kitandani hatutambui tena, tumshike mkono basi. Kaka zangu wawili walikuwapo, wakasikia. Halafu akataka aone inavyofanywa, nikawaonyesha kwa mto.