Uchaguzi wa ubunge Mbeya Mjini (2010–2020)

Uchaguzi wa ubunge katika jimbo la Mbeya Mjini kati ya mwaka 2010 na 2020 ni mfano unaojulikana nchini Tanzania wa mgombea aliyetoka mtaani kumwangusha mbunge wa chama tawala, kisha naye kuangushwa. Mgombea huyo ni Joseph Mbilinyi, mwanamuziki wa hip hop anayejulikana zaidi kwa jina la Sugu. Mwaka 2010 alimshinda Benson Mpesya wa CCM. Mwaka 2020 alishindwa na Tulia Ackson, mzaliwa wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe.

Jimbo

Mbeya ni jiji la biashara kwenye barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Ndizi, viazi na mazao mengine ya Rungwe huuzwa katika masoko yake. Wachuuzi wadogo, yaani wamachinga, ni sehemu kubwa ya wapiga kura. Soko kubwa la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na ujenzi wake mpya ulichukua miaka mingi. Katika hali hiyo maneno ya mgombea kuhusu riziki ya kila siku yalisikilizwa.

Uchaguzi wa 2010

Mbilinyi alizaliwa Mtwara mwaka 1972. Kabla ya siasa alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa bongo fleva, na nyimbo zake zilizungumzia maisha magumu ya vijana. Sheria ya Tanzania hairuhusu mgombea binafsi: anayetaka ubunge lazima adhaminiwe na chama. Kwa hiyo alisimama kupitia CHADEMA.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 2010. Mwaka huohuo wagombea wengine vijana wa CHADEMA walishinda mijini: John Mnyika huko Ubungo, Godbless Lema huko Arusha, na Ezekiel Wenje huko Nyamagana, aliyemshinda waziri Lawrence Masha.

Suala la itikadi

Katika nchi nyingi mgombea wa watu wa chini anayempinga mkubwa wa siku nyingi huitwa wa mrengo wa kushoto. Nchini Tanzania neno hilo halikai vizuri. Katiba ya nchi yenyewe inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa, na CCM, chama kilichotawala tangu kuundwa kwake mwaka 1977, bado kinataja ujamaa na kujitegemea katika katiba yake. CHADEMA, kwa upande wake, kiliasisiwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, aliyewahi kuwa waziri wa fedha na kutofautiana na Julius Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa kawaida chama hicho huhesabiwa kuwa cha mrengo wa kati-kulia.

Hivyo malalamiko ya wanyonge yalisemwa na chama kisicho cha kijamaa dhidi ya chama chenye jina la ujamaa. Chama cha upinzani kilichodai ujamaa waziwazi kilikuja baadaye: ACT-Wazalendo, kilichotoa Azimio la Tabora mwaka 2015.

Kutoka 2015 hadi 2020

Mwaka 2015 Mbilinyi alirudi bungeni kwa zaidi ya kura 100,000, akimshinda Sambwee Shitambala wa CCM. Lakini mwaka 2016 serikali ya Rais John Magufuli ilizuia mikutano ya hadhara ya vyama. Wabunge waliruhusiwa kuhutubia katika majimbo yao tu. Februari 2018 Mbilinyi alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kumkashifu rais, akaachiwa Mei mwaka huo.

Wakati huo Tulia Ackson, mwanasheria na Naibu Spika tangu 2015, alijenga jina lake mkoani Mbeya kupitia taasisi ya Tulia Trust, iliyoandaa pia matamasha ya ngoma za asili mjini Tukuyu. Katika uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 alitangazwa mshindi. CCM ilichukua karibu viti vyote vya majimbo nchini, na vyama vikuu vya upinzani vilikataa matokeo. Ackson alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 2022.

Baada ya 2020

Mikutano ya hadhara iliruhusiwa tena Januari 2023. Mwaka 2024 Mbilinyi alichaguliwa mwenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa. Mwaka 2025 sehemu ya jiji ilifanywa jimbo jipya la Uyole, ambako Ackson aligombea. CHADEMA hakikushiriki uchaguzi huo, baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili za uchaguzi kikidai mageuzi kwanza, na Tume ya Uchaguzi kukizuia. Kwa hiyo, miaka 15 baada ya ushindi wa Sugu, karatasi ya kura ya Mbeya haikuwa na jina la mgombea wa chama hicho.