Anayekupa Dawa ni Nani?

Koti jeupe halimfanyi mtu kuwa mfamasia. Chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, jina hilo ni la aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu pekee. Mfamasia husomea shahada chuo kikuu kwa miaka 5, kisha hufanya mafunzo ya kazi chini ya usimamizi. Mteknolojia wa famasia husomea diploma kwa miaka 3, naye pia huandikishwa na Bodi. Anayejiita mfamasia bila usajili anavunja sheria.

Jina hulindwa kwa sababu mgonjwa hawezi kupima elimu ya muuzaji kwa macho. Dozi ya mtoto ikikosewa, au dawa zisizopatana zikitolewa pamoja, maisha yamo hatarini.

Mkaazi, ukiingia duka la dawa tazama ukutani. Je, leseni ni ya mwaka huu? Cheti kina jina la nani, naye yupo? Kuuliza si kukosa adabu, ni haki yako. Ukiwa na shaka, usinunue. Piga ripoti kwa Bodi au kwa mfamasia wa kaunti ndogo yako.