Kabla Hujailaumu Valvu

Mtu akiniletea amplifaya ya gitaa inayounguruma, huwa ameshatoa hukumu njiani: "Fundi, valvu imekufa." Mara nyingi valvu ni nzima, ila waya zimepitishwa ovyo.

Hapa Mpanda mashine za valvu ni chache. Wapigaji wa kwaya wengi wanatumia za transista, nyepesi na zinazovumilia barabara zetu. Lakini enzi za bendi ya Tabora Jazz, jirani zetu wa reli, gitaa za dansi zilitegemea valvu, na mpiga solo akishaionja sauti hiyo humtoi tena. Akigusa nyuzi taratibu inaita safi; akikaza, inakwaruza kwa utamu.

Valvu ya mwanzo utakayoikuta mara nyingi ni 12AX7, Ulaya wanaiita ECC83. Kioo ni kimoja, ila ndani mna valvu mbili. Geuza soketi uitazame kwa chini, anzia kwenye pengo, hesabu pini kufuata mshale wa saa mpaka 9. Pini 1, 2 na 3 ni pleti, gridi na kathodi ya upande mmoja. 6, 7 na 8 ni za upande wa pili. Gridi ni koki ya bomba: umeme kidogo wa gitaa unaigusa, mkondo mkubwa unatii. Pleti hulishwa kupitia risista, kwa kawaida ya kilo-omu 100, na sauti hutokea hapo ikipitia kapasita inayozuia umeme mkali usivuke.

Zimebaki 4, 5 na 9, na hapa ndipo kazi huharibika. Hizi ni za hita, uzi unaopasha kathodi moto. Unganisha 4 na 5, peleka waya mmoja hapo na wa pili kwenye 9: hita inataka volti 6.3. Ukitumia 4 na 5 kila moja peke yake, 9 ukaiacha, inataka 12.6. Ukichanganya mipango hiyo, ama valvu inapoa ama hita inaungua.

Hita nyingi hulishwa AC, mizunguko 50 kwa sekunde. Waya zake zikilala sambamba na waya wa gridi, gridi inaokota mngurumo na valvu inaukuza bila huruma. Kwa hiyo mimi huanza na hita: nasokota waya zake mbili kwa kubana, ili kila moja ifute kelele ya mwenzake, nazilaza kwenye kona ya chasisi, kisha nalehemu. Waya wa gridi nauweka mfupi, na ukilazimika kukatiza njia ya hita, ukatize kwa pembe mraba.

Sikiliza pia mngurumo wenyewe. Ule mzito wa 50 mara nyingi unatoka kwenye hita. Wa 100 unakuelekeza kwenye kapasita za pawa zilizochoka.

Kapasita hizo zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa plagi. Zimwage chaji kwa risista, kisha pima kwa tesita. Kama huna tesita, usifungue kifuniko.