Mtoto anasoma ao anakariri tu?

Kwa miji yetu ya migodi familia mingi zinataka watoto wajue Kiingereza. Ni vizuri: ukivuka Kasumbalesa tu, uko fasi ya Kiingereza. Lakini tuangalie namna tunavyowafundisha.

Mara mingi mtoto anafungua kitabu, anaona picha ya paka, anasema "cat", na sisi tunapiga makofi. Kumbe ameangalia picha. Siku picha haiko, ananyamaza, na tunamwita mjinga. Hapana, si mjinga. Hakuonyeshwa njia.

Njia ni sauti. Kiswahili ni chepesi, juu a ni a siku zote. Lakini Kiingereza kina herufi 26 na sauti karibu 44. Basi usianze na majina ya herufi, "es, ei, tii". Hayo hayaungani kuwa neno. Anza na sauti yenyewe: s kama nyoka, kisha a ya mdomo wazi, kisha t fupi. Usiseme "ta" wala "ti". Mtoto aziseme polepole, kisha mbio: sat. Huko Uingereza walimu wengi wanaanza na sauti 6: s, a, t, p, i, n. Kwa hizo tu, mtoto anasoma tap, tin, nap, pin.

Watoto wetu wana mtego mmoja: Kifaransa cha kalasi. Pale pin inasomwa kwa pua, nayo ni mti. Kwa Kiingereza ni pini ya kushika nguo, na n inasikilika wazi. Basi kaye moja iwe ya Kifaransa, ingine ya Kiingereza. Maneno kama one na said hayafuati njia hii. Hayo ayaweke kwa kichwa, machache machache.

Namna gani utajua kama anasoma kweli? Toka 2012, shule za England zinapima watoto wa miaka 5 na 6 kwa maneno 40, na 20 kati yao yametungwa tu, hayana maana. Neno lisilokuwako halikaririki! Hata wewe, mama, andika tas ao nis kwenye karatasi. Akisoma, ameshika njia.

Dakika 10 kila jioni zinatosha, bila fimbo. Akikosa, umwambie tu: "Mwanangu, rudia sauti." Mtoto aliyepewa njia angali mdogo atatembea mwenyewe kesho.