Vitabu vya Kutisha vya Ufilipino

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa bwenini alinikuta nikisoma kitabu chenye michoro ya mizuka, akanicheka, akasema, "Mtihani u karibu, nawe wasoma habari za mazimwi?" Sikumjibu siku ile. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu yeye, na wengine wenye mawazo kama yake.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, kusini-mashariki ya Asia. Ilitawaliwa na Wahispania kwa miaka zaidi ya 300, kisha na Wamarekani, ikapata uhuru mwaka 1946. Ndiyo maana waandishi wao wengine huandika kwa Kiingereza, na wengine kwa Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalog. Lakini mizuka yao hawakuiazima kwa mtu.

Mkubwa wao ni aswang. Mchana ni mtu kama watu, pengine ni jirani aliyekuazima jembe jana. Usiku hugeuka akatafuta nyama ya watu. Yuko pia manananggal, ambaye hukatika kiunoni, nusu ya juu ikaota mbawa na kuruka, nusu ya chini ikabaki imesimama. Wazee wao husema kwamba ukiitia chumvi au majivu nusu ile ya chini, haziungani tena, na jua likichomoza amekwisha. Tiyanak naye hulia porini kama mtoto mchanga. Msafiri mwenye huruma akimwokota, huumbuka akawa zimwi. Na mtu apitapo karibu na kichuguu husema "tabi-tabi po", yaani naomba kupita, asije akamkanyaga nuno, kizee kidogo akaaye humo.

Sasa tuvitazame vitabu. Cha kwanza ni Trese, hadithi ya michoro iliyoanza mwaka 2005. Mwandishi ni Budjette Tan na mchoraji ni Kajo Baldisimo. Walianza kwa nakala za kupiga fotokopi tu, na mwaka 2021 hadithi yao ikatokea katika filamu za katuni zilizoonyeshwa nchi nyingi. Alexandra Trese ni mpelelezi wa mji wa Manila. Polisi wakishindwa na jambo lisilo la kibinadamu, humwita yeye. Humo nuno hakai tena kichuguuni, bali chini ya mfuniko wa mtaro wa barabara, na tikbalang, mwenye kichwa cha farasi, hushindana mbio na magari usiku. Mizuka imehamia mjini pamoja na watu.

Cha pili ni cha Edgar Calabia Samar, kilichotoka mwaka 2014, juu ya kijana aitwaye Janus Sílang. Wachezaji wa mchezo wa kompyuta wanakutana kushindana, nao wanakufa, anabaki Janus, na nyuma ya vifo hivyo yuko Tiyanak. Kimeandikwa kwa Kifilipino, nami lugha hiyo siijui; habari zake nilizipata kwa mwalimu wetu. Laiti kingefasiriwa kwa Kiswahili.

Cha tatu hakina mzuka hata mmoja, nacho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Ni Patron Saints of Nothing cha Randy Ribay, cha mwaka 2019. Jay, kijana wa miaka kumi na saba kama mimi, akaaye Marekani, anapata habari kwamba binamu yake Jun ameuawa huko Ufilipino, katika vita vya Rais Duterte dhidi ya madawa ya kulevya, vilivyoua maelfu ya watu. Baba yake Jun mwenyewe ni mkubwa wa polisi, na nyumbani hakuna anayetaka kumtaja marehemu. Jay anasafiri kwenda kuutafuta ukweli. Lakini linalomla moyo ni hili: Jun alikuwa akimwandikia barua, naye Jay aliacha kuzijibu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Ndani ya tranka langu zilikuwamo barua mbili za mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeacha shule akaenda mjini kutafuta kazi. Nilikuwa sijazijibu tangu mwaka jana, maana niliona haya kwa habari nilizozisikia juu yake. Jumapili ile nilimwandikia. Mpaka leo jibu halijafika.

Basi, ndugu yangu uliyenicheka, jibu langu ni hili. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Vitabu hivi vimenifundisha kumtazama zimwi usoni, hata akiwa ni woga wangu mwenyewe. Viwili vipo katika maktaba yetu, rafu ya dirishani. Kaviazime, na mtihani usiusahau.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne