Chuma kidogo kinacholinda roho za mabaharia

Na MWANDISHI WETU

UMEWAHI, mpenzi msomaji, kusimama kando ya bahari pale Mama Ngina, Mombasa, ukaitazama meli kubwa ikipita kuelekea bandari ya Kilindini? Wengi wetu hukodolea macho makontena yaliyopangwa juu yake kama matofali, tukastaajabia urefu wake na mlio wa honi yake. Watoto hutaka kujua nahodha yuko wapi. Ni nadra mtu kuuliza: jitu zito namna hii hufungwa vipi gatini lisichukuliwe na upepo na mkondo wa maji?

Jawabu ni kamba. Naam, kamba kama ile ya kufungia mbuzi, ila hii huwa nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, na meli kubwa huhitaji kumi na zaidi kwa wakati mmoja. Lakini kati ya winchi inayoivuta kamba hiyo melini na kigingi cha chuma kilichosimikwa gatini, kuna kifaa ambacho hakitajwi na mtu. Ni chuma kilichowekwa ukingoni mwa sitaha, chenye tundu au magurudumu, ambacho kazi yake ni kuipokea kamba, kuipinda na kuielekeza inakotakikana. Mabaharia hukiita fealedi.

Hakuna anayepiga picha karibu na fealedi. Hata hivyo, ikiundwa vibaya au ikiachwa ichakae, kamba huliwa polepole mpaka siku moja ikakatika. Na kamba ya meli haikatiki kwa upole.

KAMBA INAPOGEUKA MJELEDI

Kila mtoto aliyewahi kutengeneza manati anajua kwamba mpira ukivutwa huhifadhi nguvu, na ukiachiliwa nguvu hiyo hutoka mara moja. Kamba ya nailoni hufanya vivyo hivyo. Meli inapoivuta, hurefuka. Ikikatika, vipande vyake viwili hurudi kwa kasi kiasi kwamba aliyesimama njiani hapati hata nafasi ya kuinama. Mabaharia wamevunjwa miguu, wamepoteza macho, na wengine wamepoteza maisha kwa pigo la kamba.

Mnamo Machi 2, 2015, meli ya kubebea gesi iitwayo Zarga ilikuwa ikifungwa katika gati la gesi la South Hook, Milford Haven, huko Wales. Kamba moja ilikatika na kumpiga kichwani afisa aliyekuwa akisimamia kazi hiyo sitahani, akaumia vibaya sana. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba kamba ile haikuwa ya nailoni. Ilikuwa ya nyuzi za kisasa za jamii ya polithini, zenye nguvu kama waya wa chuma lakini nyepesi hata zikaelea majini, na iliaminika kwamba kamba za aina hiyo zikikatika hazirudi kwa kishindo.

Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walibaini kwamba kamba ilikatika ikiwa na mzigo mdogo sana kuliko ule iliyotengenezewa. Nyuzi za ndani zilikuwa zimechoka na kujikunja kwa kubanwa mara kwa mara, huku ganda la nje likiuficha ugonjwa huo. Kwa macho, kamba ilionekana nzima.

Hapo ndipo funzo lilipo. Kamba, fealedi na winchi si vitu vitatu mbalimbali vya kununuliwa kila kimoja kivyake. Ni mtambo mmoja, na kimoja kikiwa hakimfai mwenzake, anayelipa ni baharia.

WAHENGA NA WAHANDISI

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Wahandisi wa meli hawabishi, ila wanaongeza: hukatikia pia penye kona kali.

Hebu jaribu nyumbani. Chukua uzi wa kushonea, uupitishe juu ya ukingo wa rula ya chuma, kisha uuvute huku na huku kama msumeno. Baada ya hapo chukua kipande kingine cha uzi uleule, ukipitishe juu ya shingo ya chupa na ukivute vivyo hivyo. Uzi wa rula utaanza kutoa manyoya mapema na kukatika, ilhali ule wa chupa utaendelea kudumu. Uzi ni uleule na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mpindo tu.

Sababu yake si ngumu. Kamba inapopinda, nyuzi za nje hulazimika kurefuka zaidi ya wenzake, na nyuzi za ndani husongamana. Mpindo ukiwa mkali, nyuzi chache za nje ndizo zinazobeba mzigo wote, huku zile zilizogusana na chuma zikibanwa na kusagwa. Mpindo ukiwa mpana, mzigo hugawanywa kwa haki.

Kwa hiyo mhandisi hupima kipenyo cha mpindo dhidi ya kipenyo cha kamba. Kwa waya wa chuma, ushauri unaofuatwa ni kipenyo cha mpindo kisipungue mara 12 ya kile cha waya. Piga hesabu: waya wa sentimita 4 unataka mpindo wenye kipenyo cha sentimita 48. Baadhi ya kamba za kisasa hudai zaidi ya hapo. Sasa utaelewa kwa nini wenye meli huvutwa na tamaa ya kupunguza: chuma kipana ni kizito, ni ghali na hula nafasi ya sitaha.

FUNZO LA PANAMA

Mfano unaojulikana kuliko yote ni fealedi iliyopewa jina la Panama. Mfereji huo wa Amerika ya Kati, uliofunguliwa mwaka 1914, huipandisha meli kwa vyumba vya maji hadi mita 26 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha huiteremsha upande wa pili. Katika vyumba vya zamani, meli hushikiliwa katikati kwa nyaya za chuma zinazovutwa na vichwa vya garimoshi vya umeme vinavyotembea ukutani, kushoto na kulia.

Fikiria taabu ya nyaya hizo. Chumba kikiwa na maji machache, meli iko chini na waya hutoka kwenda juu. Maji yakijaa, meli hupanda na waya huanza kuelekea chini. Fealedi iliyo wazi juu, kama ndoana, haingefaa: waya ungeruka nje. Ndiyo maana fealedi ya Panama ni tundu lililofungwa pande zote, mfano wa jicho, na midomo yake imeviringishwa kama mdomo wa tarumbeta ili waya ukutane na mviringo popote utokako.

Sheria za mfereji hazikuacha jambo hili kwa hiari ya fundi. Sehemu inayoguswa na waya sharti iwe na mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 180. Tundu la fealedi ya waya mmoja lisiwe dogo kuliko sentimita mraba 650, na chuma chenyewe kihimili mvuto wa tani 45 hivi kutoka upande wowote. Umbo hilo lilionekana kuwa la maana hata likaenea katika meli ambazo pengine hazitaiona Panama.

Na usidhani haja hiyo iko mbali nasi. Pale Kilindini, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Aidha, meli inayopakuliwa huwa nyepesi ikainuka. Kamba iliyotoka melini ikielekea chini kidogo asubuhi inaweza kuwa imesimama wima zaidi ifikapo jioni. Fealedi ni lazima iipokee katika hali zote mbili bila kuikata.

HESABU YA KONA

Wanafunzi wa fizikia, hapa ndipo penu. Iwapo kamba inavuta kwa tani 10 na inapita kwenye fealedi ikiwa imenyooka, fealedi haibebi mzigo wa kutajika. Ikipinda kwa pembe mraba, chuma hubeba tani 14 na zaidi, kwa kuwa pande mbili za kamba zinakivuta kwa pamoja. Kamba ikigeuzwa kabisa na kurudi ilikotoka, chuma hubeba tani 20, mara mbili ya mvuto wa kamba yenyewe.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kamba ina nguvu kiasi gani. Sharti kwanza ijulikane kila kamba itatoka wapi, itapinda wapi na itaelekea wapi. Mchoraji anayeweka winchi mahali penye nafasi, kisha akaongeza fealedi tatu za kuizungusha kamba mpaka ifike ukingoni, ameongeza mizigo mitatu na sehemu tatu za kuichosha kamba. Tena ameongeza hatari, kwa sababu kamba iliyopindishwa sitahani ikikatika huweza kufagia eneo pana kuliko iliyonyooka.

NANI AANZE KUSHINDWA?

Swali hili huwashangaza wengi. Je, si kila kitu kifanywe imara kabisa? La hasha. Kwa nguvu za bahari, ipo siku kitu kitashindwa, na mhandisi mwenye busara huchagua mapema kitakuwa kipi.

Tuseme meli imepangiwa kamba za kukatikia tani 100. Kulingana na mwongozo wa jumuiya ya kimataifa ya kampuni za meli za mafuta, OCIMF, breki ya winchi hurekebishwa iteleze ikifika asilimia 60, yaani tani 60. Upepo ukivuma vikali, winchi itaachia kamba kidogo badala ya kuiacha ikatike. Breki isipoteleza, kamba ikatike kwenye tani 100 au juu yake kidogo. Fealedi nayo iwe na uwezo wa kazi usiopungua hizo 100. Mwisho kabisa, mbao za chuma zilizo chini ya sitaha zinazoishikilia fealedi hukadiriwa kwa mvuto wa kamba wa tani 115, pamoja na hesabu ile ya kona.

Ukipindua mpango huo utapata balaa. Fealedi ikishindwa kabla ya kamba, kinachoruka sitahani si kamba pekee bali pia pande la chuma. Ndiyo sababu fealedi nzuri si ile iliyo nene tu. Mizizi yake ndiyo muhimu: jinsi ilivyochomelewa, na kama chini yake kuna mihimili au ni bati tupu.

NGOZI YA CHUMA

Umbo likishakuwa sawa, kinachobaki ni ngozi. Waya wa chuma ukipita miaka mingi juu ya fealedi huchimba vijifereji, kama vile kamba ya ndoo inavyochimba ukingo wa kisima cha zamani. Baadaye mwenye meli huamua kuachana na waya na kununua kamba mpya laini. Asipobadilisha au kusawazisha fealedi, kamba hiyo ya bei ghali huingia katika meno ya msumeno. Ndiyo maana inashauriwa waya na kamba za nyuzi zisipitishwe mahali pamoja.

Kutu nayo ni msasa. Meli zinazotumia kamba za kisasa mara nyingi huwekewa sehemu za kugusana na kamba za chuma kisichoshika kutu, zikalainishwa ili kupunguza msuguano. Msuguano huleta joto, na nyuzi za polithini huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, joto lisilofikia lile la mafuta ya kukaangia mandazi.

Fealedi za magurudumu hupunguza msuguano, mradi magurudumu yazunguke. Yakikosa grisi hukwama, kamba ikaburuzwa mahali pamoja kila siku mpaka gurudumu likawa bapa upande mmoja. Gurudumu lililokwama ni baya kuliko kutokuwa na gurudumu, kwani kila mtu huliamini.

SHERIA IMEAMKA

Meli zilizojengwa tangu Januari 1, 2007 zinatakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, SOLAS, kuwa na vifaa vya kamba vilivyoandikwa wazi mzigo salama wa kazi. Ukipata bahati ya kupanda melini, tafuta herufi SWL na tarakimu karibu na fealedi. Kuanzia Januari 1, 2024, mkataba huo umekaza zaidi. Meli mpya sharti zibuniwe kwa kufikiria usalama wa wanaoshika kamba, na meli zote, hata kuukuu, zikaguliwe na kutunzwa vifaa vyake vya kufungia.

Zamani baadhi ya meli zilichorwa rangi sitahani kuonyesha mahali ambapo kamba ingeweza kupiga. Siku hizi mabaharia huonywa wasiitegemee michoro hiyo, kwa kuwa humfanya mtu aamini kwamba hatua moja nje ya rangi yuko salama. Sehemu yote ya kufungia kamba ihesabiwe kuwa ya hatari.

Kwa hivyo, mzazi unayewatembeza watoto baharini Jumapili, na mwanafunzi unayejiuliza hesabu za pembe zina faida gani, mwaonaje mkiitazama meli kwa jicho jipya? Acheni makontena kidogo, mfuateni kamba kutoka gatini hadi inapoingia melini. Pale inapopinda, mtu fulani alikaa na kalamu akaamua mviringo uwe mpana kiasi gani. Akiamua kwa uchoyo, baharia mmoja huenda asirudi kwao. Akiamua vyema, hakuna atakayejua jina lake, na kila mtu atarudi nyumbani.