Mkonge wa Mwitu Ndani ya Nyumba

Huenda mmeuona mmea huu barazani kwa jirani, umepandwa katika kopo au chungu. Hauna shina. Majani yake yanatoka moja kwa moja katika udongo, yamesimama kama panga, magumu, ya kijani yenye mistari ya kupita kama ngozi ya nyoka. Waswahili wa pwani waliwaita ndugu zake mkonge tangu zamani, kabla mkonge ule wa mashamba haujaletwa Tanga kutoka Amerika mwaka 1893. Sisi tutauita mkonge wa mwitu, tusiuchanganye na ule mwingine.

Mmea huu si mgeni. Kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi mpaka Kongo. Ule wenye kingo za manjano, ambao leo unauzwa Ulaya na Amerika, una jina la Émile Laurent, mtaalamu wa mimea Mbelgiji aliyezunguka Kongo akikusanya mimea, akafa melini mwaka 1904 alipokuwa akirudi kwao.

Sasa sikilizeni kwa nini unavumilia kiu. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa vitundu hivyo maji hutoka. Mkonge wa mwitu hufunga vitundu vyake jua likiwaka, huvifungua usiku kukiwa na baridi. Tena jani lake ni nene, limejaa maji ndani, na chini ya udongo una mizizi minene inayotambaa. Basi ni kama mtu mwenye mtungi nyumbani: hana haja ya kwenda kisimani kila siku.

Kwa sababu hiyo wengi wanauua kwa wema. Mama anamtuma mtoto mtoni, mtoto anapanda kilima na ndoo kichwani, na nusu ya maji inamwagiwa mmea usioyataka. Mimi mwenyewe niliuoza mmoja hivyo, nikimwagia kila asubuhi na kujisifu. Fanyeni hivi: chomeni kijiti katika udongo mpaka chini, mkitoe. Kikitoka na udongo umeshikamana nacho, acheni. Kikitoka kikavu, mwagieni maji mpaka yatoke chini, kisha msirudi tena kwa majuma mawili au matatu. Katika miezi ya ukavu hapa Bunia, tangu mwezi wa 12 mpaka wa 2, mara moja kwa mwezi yatosha, na maji yaliyooshewa mchele yanafaa. Msimwage katikati ya majani, maana hukaa pale na kuozesha.

Kopo litobolewe chini kwa msumari, matundu manne au matano. Udongo wa bustani uchanganywe na mchanga sawa kwa sawa. Hapa ninyi mnaokaa karibu na machimbo mwangalie sana. Msichukue mchanga wa mahali wanapooshea dhahabu kwa zebaki, ile dawa nyeupe inayong'aa na kukimbia kama maji. Wala msichukue madebe yaliyotoka mgodini, hata yakiwa mazuri namna gani, kwa kuwa mengine yalikuwa na sianidi, nayo ni sumu ya kuua. Mkonge hautalalamika, lakini leo debe lina mmea, kesho mtoto analitekea maji.

Jambo lingine. Watu wanasema mmea huu unasafisha hewa ya nyumba. Maneno haya yalitoka katika majaribio ya Wamarekani ya mwaka 1989, nao waliweka mimea ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Nyumba yenye mlango na madirisha si kisanduku. Kwa hiyo mtu asichome dhahabu yenye zebaki jikoni akidhani mkonge uliopo pembeni utameza moshi ule. Hautaumeza. Moshi wa zebaki hauna harufu, unaingia mwilini kwa pumzi, unatetemesha mikono, unaharibu figo na akili, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo ifanywe mbali na nyumba, kwa chombo kinachorudisha moshi uwe zebaki tena, na wanawake wenye mimba na watoto wasiwepo.

Kuzidisha mmea ni rahisi. Kateni jani moja vipande vya urefu wa kidole, mkiweka alama upande uliokuwa chini, kwa maana kipande kikigeuzwa juu chini hakioti mizizi. Viacheni kivulini siku mbili au tatu mpaka vidonda vikauke, ndipo mvichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo. Mizizi hutoka baada ya majuma kadhaa. Chipukizi hukawia miezi, msivifukue kuvitazama. Lakini ule wenye kingo za manjano ukipandwa kwa jani, watoto wake hutoka kijani tupu. Huo ugawanyeni kwa kisu katika mizizi.

Jani likilainika chini na kunuka, ni uozo. Ng'oeni, kateni sehemu mbovu yote mtupe, kausheni nzima, mpande upya katika udongo mkavu. Mmea uliokaa gizani usitolewe juani siku moja. Utaungua mabaka meupe. Msogezeni kidogo kidogo.

Watoto wasitafune majani, wala mbwa, kwani yanatapisha. Ila msiyatupe majani yaliyozeeka: yalazeni juu ya ubao, myaparuze kwa kisu kisicho kikali mpaka nyama ya jani itoke, osheni nyuzi, anikeni. Wazee walizisokota nyuzi hizo kuwa nyugwe za pinde, nazo zinafaa hata leo kwa kufungia mbuzi au kuninginizia kopo lenyewe dirishani.